Mito ya Kukalia na Mabishano: Historia Fupi ya Xerox PARC

Wasomaji wangu, leo tuweke kando mambo ya misimbo na hitilafu, tuzungumze historia kidogo.

Ofisi nyingi za programu hapa Nairobi siku hizi zina sura moja. Kuta za rangi kali, mashine ya kahawa, meza ya mchezo fulani, na kwenye kona mito mikubwa ya kukalia, ile ambayo ukishazama ndani kuinuka ni kazi. Ukiuliza ya nini, utaambiwa ni ya kukuza ubunifu. Halafu mkutano wa usanifu unaanza. Mkubwa anasema kitufe kiwe kijani na menyu ikae kushoto. Msanifu kijana ambaye amekaa wiki mbili na wateja anajua fika kwamba jambo hilo halitafaa, lakini anatikisa kichwa kukubali kama wenzake. Mkutano umekwisha. Mito ipo, ubunifu umelala.

Sina ugomvi na mito. Ila ina historia yake, na wengi wetu tumeiga nusu tu ya historia hiyo. Mahali palipoipa mito hiyo jina katika ulimwengu wa tarakilishi ni maabara moja ya California iliyoitwa Xerox PARC, miaka ya 1970. Kama unatumia madirisha kwenye skrini, kipanya, printa ya leza, au waya wa mtandao unaochomekwa nyuma ya tarakilishi, basi unatumia vitu vilivyobuniwa au kukomazwa pale. Swali langu ni moja: watu wale walifanya kazi namna gani hata mambo mengi hivyo yakatoka katika jengo moja ndani ya miaka michache?

Kampuni ya fotokopi yaingiwa na hofu

Xerox ilitajirika kwa fotokopi. Mashine yake iitwayo 914, iliyotoka mwaka 1959, iliiletea pesa nyingi kuliko ilivyotarajia. Lakini wakubwa wake waliona mbele: hataza zina mwisho, na iko siku karatasi ofisini itapata mshindani. Mwaka 1969 wakanunua kampuni ya tarakilishi iliyoitwa Scientific Data Systems kwa hisa za thamani ya zaidi ya dola milioni 900. Ununuzi huo uligeuka hasara, na mwaka 1975 Xerox ikajitoa katika biashara hiyo ya tarakilishi kubwa.

Katika hekaheka hizo, mwanasayansi mkuu wa kampuni, Jacob Goldman, alishauri ijengwe maabara mpya ya utafiti. Ilifunguliwa tarehe 1 Julai 1970 mjini Palo Alto, mbali kabisa na makao makuu na viwanda vya Xerox vilivyokuwa mashariki mwa Marekani. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa mwanafizikia George Pake. Umbali huo ukumbuke, msomaji. Uliwasaidia sana watu wa PARC, kisha ukawaponza.

Mkubwa ni jalala

Mtu aliyejenga utamaduni wa maabara ya tarakilishi pale hakuwa mhandisi. Bob Taylor alikuwa amesomea saikolojia. Kabla ya hapo alisimamia ofisi ya utafiti wa tarakilishi katika shirika la ARPA la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na ndiye aliyeanzisha mradi wa ARPANET, babu wa intaneti. Kazi hiyo ilimfundisha kitu ambacho wahandisi wengi hawana: alijua ni nani hodari, yuko wapi, na nani anaweza kufanya kazi na nani. Kampuni ndogo ya Berkeley Computer Corporation ilipofilisika, Taylor aliwachukua vijana wake bora, wakiwemo Butler Lampson na Chuck Thacker.

Katika miaka ya mwanzo Taylor hakuwa hata mkuu rasmi wa maabara hiyo. Mkuu alikuwa Jerry Elkind. Lakini watu walimfuata yeye. Hakuweka ngazi nyingi za vyeo. Hakukuwa na msururu wa mameneja kati ya mtafiti na kiongozi wake. Aliyeomba kazi alisimama mbele ya kundi zima, akaeleza kazi zake, akahojiwa na wale ambao angefanya nao kazi. Wao ndio waliosema kama anafaa.

Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Taka zote humwendea yeye. Taylor aliuelewa msemo huo hata kama hakuwahi kuusikia. Malalamiko ya makao makuu, maswali ya bajeti, shinikizo la kutaka faida ya haraka: hayo aliyapokea yeye, watu wake wakaendelea na kazi. Mara nyingi meneja wa kwetu hufanya kinyume. Akigombezwa ghorofani, anashuka na ugomvi ule ule na kuumwaga juu ya meza ya wasanifu.

Mkutano wenye mito

Sasa tufike kwenye mito. Kila wiki maabara ilikuwa na mkutano mmoja ulioitwa Dealer. Jina lilitokana na kitabu cha mwanahisabati Edward Thorp kuhusu mchezaji wa karata anavyoweza kumshinda mgawaji. Katika mkutano huu mtu mmoja alikuwa "mgawaji". Alileta wazo lake, akasimama mbele peke yake, na wengine wote wakalishambulia kutoka kwenye mito yao.

Nasema kushambulia na sijakosea neno. Lampson alikuwa na akili kali na ulimi wa haraka, na hakuwa peke yake. Lakini kulikuwa na mipaka. Kilichopigwa ni wazo, si mtu. Taylor mwenyewe alikaa zaidi kama mwamuzi wa mpira kuliko kama bosi. Alikuwa na kanuni yake kuhusu ugomvi ambayo nadhani ingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi. Alisema ugomvi uko wa aina mbili. Aina ya kwanza, hakuna anayeweza kueleza msimamo wa mwenzake. Aina ya pili, kila mmoja anaweza kueleza msimamo wa mwenzake mpaka mwenzake akaridhika kwamba ndivyo ulivyo. Kazi yake, alisema, ni kuwatoa watu aina ya kwanza na kuwafikisha ya pili. Hakudai wakubaliane.

Ona jinsi hili lilivyo tofauti na mikutano yetu. Sisi tunataka watu wakubaliane haraka, na kwa sababu hiyo hatuelewani kamwe. Kijana ananyamaza kwa adabu, mkubwa anadhani kakubaliwa, na miezi mitatu baadaye mteja anafungua programu na kuuliza, hiki ni nini?

Mwaka 1972 jarida la Rolling Stone lilichapisha makala ya Stewart Brand kuhusu mchezo wa Spacewar na vijana wa tarakilishi, pamoja na picha za Annie Leibovitz. Wasomaji waliona wanasayansi wenye nywele ndefu, kila mtu kajiachia. Wakubwa wa Xerox walikasirika, na ulinzi ukaongezwa. Nadhani hapo ndipo ulimwengu ulipoanza kukosea. Watu waliziona nywele na mito. Mabishano hayakuweza kuonekana kwenye picha.

Mganga aliyejiganga

Kiswahili kina methali isemayo mganga hajigangi. Pale PARC ilikuwa sheria kwamba mganga sharti ajigange. Ukijenga kitu, wewe na wenzako mtakitumia kila siku, na kikiwa kibovu mtaumia nyinyi kwanza.

Jambo hili lilianza kwa bahati mbaya. Watafiti walitaka tarakilishi ya PDP-10 ya kampuni ya DEC, kama vyuo vingi vya utafiti. Xerox ikakataa. Ingekuwaje kampuni iliyonunua SDS kwa mamilioni yote yale inunue mashine ya mshindani? Vijana hawakugoma. Walijijengea wenyewe mashine iliyoweza kuendesha programu za PDP-10, wakaiita MAXC, kwa kumtania Max Palevsky, mwanzilishi wa SDS. Kazi hiyo iliwafanya wawe kikosi kimoja. Walioandika programu walijifunza maunzi, na wa maunzi wakajifunza programu.

Kisha, mwezi Septemba 1972, Thacker na Lampson walimwendea Alan Kay, aliyekuwa katika maabara nyingine ya PARC, wakamuuliza kama ana pesa. Kay alikuwa nazo, dola 230,000 hivi. Alikuwa akiota tarakilishi ndogo ambayo hata mtoto angeitumia. Lampson alitaka mashine yenye uwezo kama PDP-10 kwa bei ya dola 500. Thacker alitaka iliyo na kasi mara 10 kuliko tarakilishi za Nova za wakati ule. Hizo zilikuwa ndoto tatu tofauti. Elkind alikuwa nje kwa kazi za makao makuu, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwazuia. Mwezi Aprili 1973 tarakilishi ya Alto ilikuwa inafanya kazi, na moja ya picha za kwanza kwenye skrini yake ilikuwa ya yule mla biskuti wa kipindi cha watoto cha Sesame Street.

Alto ilikuwa na skrini ya pikseli 606 kwa 808 iliyosimama wima kama karatasi, kumbukumbu ya kilobaiti 128, diski ya megabaiti 2.5, na kipanya, kifaa kilichobuniwa na kundi la Douglas Engelbart katika miaka ya 1960. Ilikuwa ya mtu mmoja, wakati ambapo tarakilishi moja iligawanywa kwa watu wengi. Na kwa kuwa kila mtafiti alitaka ya kwake, zilihitaji kuunganishwa. Mwezi Mei 1973 Bob Metcalfe aliandika waraka kuhusu mtandao alioujenga pamoja na David Boggs: ndiyo Ithaneti. Alto zilizojengwa zilifika kati ya 1,500 na 2,000, ingawa hazikuwahi kuuzwa madukani kama bidhaa ya kawaida.

Hakuna kamati iliyokaa kupanga kwamba tutabuni ofisi ya kesho. Walikaa ndani ya ofisi hiyo, wakarekebisha kilichowaudhi.

Watu wawili wa kukumbukwa

Gary Starkweather alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Xerox karibu na Rochester. Alikuwa na wazo la kutumia mwanga wa leza kuchora kurasa ndani ya mashine ya fotokopi. Mkubwa wake alimwambia aachane nalo. Starkweather akaendelea kwa kujificha, mpaka akasikia kuhusu maabara mpya ya California. Akaomba kuhamishwa, na mwaka 1971 akahamia PARC. Mtu yule yule, kampuni ile ile, mshahara ukitoka mfuko ule ule. Kilichobadilika ni chumba alichoingia. Printa ya leza ya Xerox 9700 ilitoka mwaka 1977, na biashara ya printa hizo peke yake ilirudisha gharama za PARC mara nyingi.

Wa pili ni Larry Tesler, na hapa wasanifu wa kurasa na programu wasikilize vizuri. Programu ya kuandikia kwenye Alto iliitwa Bravo, na ilikuwa ya ajabu kwa wakati wake. Lakini ilikuwa na hali mbili: hali ya kuandika na hali ya kuamrisha. Ukiwa katika hali ya kuamrisha ukaandika neno la Kiingereza "edit", herufi ya kwanza ilichagua maandishi yote, ya pili ikayafuta, ya tatu ikaanza kuingiza maandishi, na ya nne ikaingizwa. Waraka wako wote umekuwa herufi moja: t. Wahandisi walicheka wakazoea.

Tesler hakucheka. Yeye na Tim Mott, aliyetoka Ginn, kampuni ya vitabu vya shule iliyomilikiwa na Xerox, walianza na wahariri. Mott alikwenda kuwatazama kazini: wanakata karatasi kwa makasi, wanabandika kwa gundi, wanaandika pembeni kwa kalamu. Kisha watu wasiojua tarakilishi waliketishwa mbele ya skrini isiyo na kitu, wakaambiwa waigize wangependa kufanya nini. Wabunifu waliandika, hawakuwasahihisha. Mwaka 1975 ikatoka programu ya Gypsy, isiyo na hali mbili, yenye kukata na kubandika kama tunavyojua leo. Wahariri waliijifunza kwa saa chache.

Ubunifu ule haukutoka kwenye mto wa kukalia. Ulitoka kwa watu wawili walioamini kwamba mhariri wa vitabu anajua kitu ambacho wao, pamoja na shahada zao, hawakijui.

Mdharau mwiba mguu huota tende

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu mno. Mnajua mwisho wake: Xerox haikuitawala dunia ya tarakilishi. Mwezi Desemba 1979 Steve Jobs na watu wa Apple walikuja kutazama, baada ya Xerox kuruhusiwa kununua hisa 100,000 za Apple kwa dola milioni 1. Adele Goldberg, aliyekuwa na Kay katika kundi la lugha ya Smalltalk, alipinga kuonyeshwa kwa kazi yao, lakini amri ilitoka juu. Mwaka uliofuata Tesler alihamia Apple. Tarakilishi ya Star ya Xerox ilitoka mwaka 1981 kwa bei ya dola 16,595 kwa kila mashine, na ili ikufae ulihitaji zaidi ya moja, pamoja na mtandao na printa. Mwaka huo huo IBM ikatoa PC yake kwa dola 1,565. Macintosh ikafuata mwaka 1984.

Kawaida husemwa kwamba wakubwa wa Xerox walikuwa wajinga. Ni kweli kwamba hawakuelewa walichokuwa nacho. Lakini mimi naona kosa lina pande mbili. Utamaduni uliowafanya watu wa PARC wasikilizane sana wao kwa wao uliwafanya pia wawadharau wa nje. Wauzaji na wahandisi wa fotokopi walionekana watu wa zamani. Hata ndani ya jengo, Taylor aliivutia bajeti maabara yake kwa kuishusha hadhi maabara ya fizikia. Ile kanuni nzuri ya kueleza msimamo wa mwenzako hadi aridhike ilitumika ndani ya chumba cha mito, na ilikoma mlangoni. Hakuna aliyekaa na muuzaji wa mashine kama Mott alivyokaa na wahariri, amwulize: wewe unauzaje, mteja wako analipa kwa nini, bei gani itamkimbiza?

Angalia kipi kilifanikiwa kibiashara: printa ya leza. Starkweather alitoka upande wa fotokopi, na mashine yake ilifanana na kitu ambacho wauzaji walikuwa tayari wanakijua. Daraja lilikuwepo. Penginepo halikuwepo.

Mwaka 1983 Taylor aligombana na uongozi mpya wa PARC akajiuzulu. Lampson, Thacker na wengine wengi wakamfuata DEC, walikofungua maabara mpya hapo hapo Palo Alto. Xerox ilibaki na jengo na mito yake. Mwaka 2023 iliikabidhi PARC kwa taasisi ya SRI International, ile ile ambayo kipanya cha Engelbart kilizaliwa humo.

Sisi je?

Niliwahi kufanya kazi katika kampuni moja, sitaitaja, ambako programu tuliyoiuza kwa maduka haikutumiwa na yeyote ofisini kwetu, hata siku moja. Stoo yetu wenyewe iliandikwa kwenye daftari. Kila kitu kingine kilikuwepo: rangi ukutani, kahawa, mito. Wateja walitupigia simu kuhusu mambo ambayo tungeyaona asubuhi ya kwanza kama tungejiganga wenyewe. Vijana wawili hodari wa usanifu waliondoka ndani ya mwaka mmoja. Hawakufuata mshahara mkubwa zaidi. Walichoka kutikisa kichwa.

Tunapoteza watu wa aina hiyo kila mwezi, na hatuna wengi wa kupoteza. Kwa hiyo nikiombwa nichague mambo ya kuiga kutoka PARC, mito nitaiacha mwisho wa orodha. Kwanza, tumieni mnachojenga. Pili, kabla ya msanifu kuchora, akae na mtu atakayekitumia, na akae pia na atakayekiuza. Tatu, meneja awe jalala, asiwe mfereji. Nne, mabishano yawe na ratiba na kanuni, ili kijana wa miezi mitatu ajue kwamba kupinga wazo la mkubwa si utovu wa adabu.

Na hili la nne halihitaji pesa wala ruhusa ya mtu. Katika mkutano wenu ujao wa usanifu, kabla mkubwa hajakata shauri, aombwe aeleze msimamo wa yule anayempinga, kwa maneno yake mwenyewe, mpaka mpinzani aseme, "Naam, ndivyo ninavyosema." Akishindwa, shauri lisikatwe siku hiyo. Hata kama mmekaa kwenye viti vya plastiki.